Shule ya 4 ina hela nyingi kuliko shule ya 8, sasa ipi ni nzuri?

Dada, swali lako nalifupisha kwanza ili na wengine wajue tunaongelea nini. Mnahama mwezi wa saba, bado hapahapa Marekani ila distrikti nyingine, kijana anaanza gredi ya 9, na mna nyumba mbili mkononi. Ya kwanza inaangukia hai skuli ya serikali ambayo kwenye apu ya nyumba imepewa 4 kati ya 10, ya pili kodi iko juu ila shule yake ina 8. Ukaingia mwenyewe kuchimba ukakuta ile ya 4 inatumia dola nyingi zaidi kwa kila mwanafunzi, wanafunzi wanapungua kila mwaka, na wanaomaliza ni asilimia 88 dhidi ya 93. Kijana alikuja huku akiwa darasa la 6 na bado yuko kwenye programu ya Kiingereza. Unauliza inakuaje hela ziwe nyingi na alama ziwe chini, na we uamini namba ipi.

Nikujibu haraka kabla ya maelezo. Hela nyingi na alama chini havigombani kabisa, mara nyingi vinatembea pamoja na ntakueleza kwa nini. Ile 4 na ile 8 kwa sehemu kubwa zinakwambia wazazi wa mtaa ule wana kipato gani na wamesoma kiasi gani, kuhusu kinachoendelea darasani saa tatu asubuhi zinakwambia kidogo sana. Mi nikipewa shule nisiyoijua naanza na swali moja: wale watoto walioingia gredi ya 9 miaka minne iliyopita, leo wako wapi? Wote, pamoja na yule ambaye hakuna anayemkumbuka. Idadi ya wanafunzi, hela, matokeo, vyote navisoma ili kujibu hilo.

Tuanze na idadi ya wanafunzi maana ndo namba watu wanairuka. Ingia kwenye tovuti ya NCES, kile kituo cha takwimu za elimu cha serikali kuu, kuna sehemu ya kutafuta shule, bure, unaandika jina inakutolea wanafunzi wa kila gredi, walimu wangapi, asili zao, wangapi wanapata chakula cha bure. Ubaya wake inachelewa mwaka au miwili, kwa hiyo ya karibuni chukua kwenye ripoti kadi ya shule inayotolewa na jimbo lenu, kila jimbo linalazimika kuitoa kwa sheria ya ESSA, ile sheria kuu ya elimu ya nchi nzima ambayo Obama aliisaini Desemba 2015.

Ukishaipata achana na jumla, nenda gredi kwa gredi. Nakupa namba za kubuni tu tuelewane: gredi ya 9 wako 430, ya 10 wako 360, ya 11 wako 300, ya 12 wako 275. Mtu akiona hivyo anaruka kusema watoto 155 wameacha shule. Hapana, polepole. Hayo ni makundi manne yaliyoingia miaka minne tofauti, alafu gredi ya 9 karibu kila mahali huwa imevimba kwa sababu mtoto akikosa krediti, yaani hesabu ya kozi alizofaulu, anabaki hapo, yaani anaweza kuhesabiwa gredi ya 9 miaka miwili mfululizo. Unachotakiwa kufanya ni kufuata mshazari, gredi ya 9 ya 2021-22, kisha ya 10 ya 2022-23, ya 11 ya 2023-24, ya 12 ya 2024-25, hapo ndo unafuata kundi lilelile likipanda. Kama waliingia 430 wakafika 275, na distrikti nzima haijapungua kiasi hicho, basi kuna watoto zaidi ya mia wamekwenda mahali na lazima awepo mtu pale shuleni anayejua ni wapi. Uliza. Shule iliyojipanga, msajili au kaunsela atakujibu bila kushtuka: hawa wamehamia shule ya chata, yaani ya serikali ila inajiendesha yenyewe, hawa wamehama jimbo, hawa wamebaki nyuma gredi moja, hawa hatuwajui. Hilo neno la mwisho likisemwa waziwazi mi naiamini hiyo shule zaidi kuliko ile inayosema kila mtu yupo. Na ile ya 8 ipige mshazari huohuo, usiisamehe kwa sababu ya alama yake.

Jingine, hiyo idadi ni picha ya siku moja. Serikali kuu inataka idadi ya tarehe 1 Oktoba au karibu na hapo, na majimbo mengi yanagawa hela kwa kuangalia siku ya hesabu ya namna hiyo, Michigan kwa mfano siku kubwa ni Jumatano ya kwanza ya Oktoba, siku hiyo utaona shule zinahangaika kila mtoto awepo. California na Texas wao wanalipa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, kwa hiyo watoto wasipokuja hela inapungua hata kama mwalimu yupo palepale na taa zinawaka. Kwa hiyo mtoto aliyekuwepo Oktoba akapotea Februari, kwenye namba ya uandikishaji bado yupo.

Sasa hilo la kupungua kila mwaka lisikutishe lenyewe. Mwaka ambao Marekani ilizaliwa watoto wengi ulikuwa 2007, karibu milioni 4.3, na hao ndo wamemaliza hai skuli 2025. Baada ya hapo vizazi vilishuka, kwa hiyo madarasa yatakuwa madogo sehemu nyingi sana bila shule kukosea chochote. Swali ni kupungua kunafanya nini ndani. Shule iliyojengwa kwa watoto 1,600 ikibaki na 800 inaanza kukata vipindi, fizikia inafundishwa mwaka mmoja inarukwa mwingine, kalkulasi inabaki na kipindi kimoja na hicho kinagongana na bendi au na kipindi cha Kiingereza cha watoto kama wako, basi mtoto anakosa kozi ambayo kwenye karatasi shule "inayo". Hili unaweza kulichungulia kwenye data za haki za kiraia za wizara ya elimu, zinaitwa CRDC, zinakusanywa tangu 1968, siku hizi kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, zinaonyesha shule ina kalkulasi na fizikia au haina, wangapi wamekaa kwenye kozi za AP, zile za kiwango cha koleji, kaunsela wangapi, wangapi wamesimamishwa shule. Alafu omba ratiba kuu ya vipindi ya mwaka uliopita, uione kwa macho.

Kabla sijaingia kwenye hela, mtego mmoja ambao naona hata waandishi wa habari wanadumbukia kila siku, ile asilimia ya chakula cha bure. Zamani ilikuwa kipimo kizuri cha umaskini, familia iliyo chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini inakula bure, mpaka 185 inalipa kidogo. Siku hizi kuna mpango wa CEP, shule yenye watoto wa kutosha waliothibitishwa moja kwa moja, yaani familia iko kwenye SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, na misaada kama hiyo, inaruhusiwa kulisha shule nzima bure bila fomu. Kiwango cha kuingia kilikuwa asilimia 40, Oktoba 2023 kikashushwa mpaka 25. Matokeo yake unakuta shule imeandikwa asilimia 100 chakula cha bure kumbe watoto wenyewe maskini ni theluthi. Kwa hiyo ukilinganisha shule zako mbili tafuta safu ya waliothibitishwa moja kwa moja, au ile ambayo jimbo linaita wenye hali duni kiuchumi, na hakikisha pande zote mbili unasoma safu ileile.

Haya, hela. Hapa ndo swali lako lilipo.

Namba ya dola kwa kila mwanafunzi watu wanaisoma kama nyota za hoteli, zikiwa nyingi ujue pazuri. Kwenye shule sehemu kubwa ya tofauti ya hizo dola inatokana na nani kakaa darasani. Mtoto mwenye mahitaji maalumu anaweza kuhitaji mwalimu wake, msaidizi wake, gari lake. Mtoto anayejifunza Kiingereza anahitaji mwalimu mwenye cheti cha hiyo kazi. Mtaa maskini unaleta hela za Title I, zile za serikali kuu kwa shule zenye watoto maskini. Zote hizo zinaingia kwenye hesabu, zinagawanywa kwa watoto wote, na shule inaonekana tajiri wakati mtoto wa kawaida aliyekaa safu ya tatu hajaona hata senti ya ziada. Ni sawa na hospitali yenye wagonjwa mahututi kutumia dawa nyingi, hauwezi kusema inatibu vizuri wala vibaya kwa kuangalia bili. Na serikali kuu yenyewe inatoa kidogo, kwa kawaida kama asilimia 8 mpaka 10 ya hela zote za shule nchini, zinazobaki zinatoka jimboni na kwenye kodi za majumba ya palepale, karibu nusu kwa nusu. Sheria ya elimu maalumu ya 1975 iliahidi kuchangia gharama ya ziada mpaka asilimia 40 ya wastani wa nchi wa matumizi kwa mwanafunzi, haijawahi kufika hapo hata mwaka mmoja, pengo linafidiwa na distrikti kutoka kwenye mfuko wa wote.

Sababu ya pili ni huo upungufu wa wanafunzi uliouona. Mkuu wa shule ni mmoja, bomba la joto ni lilelile, paa ni lilelile, watoto wamepungua robo, basi gawanya mwenyewe uone dola kwa kichwa zinavyopanda bila kitu kuongezeka. Hii ni hesabu ya darasa la nne lakini inapoteza watu wengi.

Ya tatu ni mishahara. Walimu wengi wa serikali huku wanalipwa kwa ngazi, miaka na digrii, kwa hiyo shule yenye walimu wakongwe inaonekana ya gharama na yenye walimu wapya kila Agosti inaonekana nafuu. Miaka mingi distrikti zilikuwa zinaficha hili bila hata kukusudia, zinapiga hesabu kwa mshahara wa wastani wa distrikti nzima, shule zote zinaonekana sawa. ESSA ndo ikalazimisha kuonyesha matumizi halisi ya kila shule, na hela za serikali kuu zitenganishwe na za jimbo na za mtaa. Kwa hiyo kwenye ripoti kadi usichukue jumla, chukua ile ya jimbo na mtaa peke yake, ulinganishe shule zako mbili. Ukikuta ya 4 bado iko juu, uliza ni kwa ajili ya walimu wengi, walimu wakongwe, au jengo nusu tupu. Ni majibu matatu tofauti kabisa kwa mtoto wako.

Na angalia mwaka wa hiyo namba. Kipindi cha COVID serikali kuu ilimwaga karibu dola bilioni 190 kwa shule kwa awamu tatu, na fungu la mwisho lilitakiwa liwe limepangiwa matumizi mpaka tarehe 30 Septemba 2024. Distrikti maskini zilipata zaidi kwa sababu mgao ulifuata Title I. Kwa hiyo kama namba uliyoiona ni ya 2022 au 2023 ujue imevimba, na baadhi ya makaunsela na walimu wa ziada waliolipwa na hiyo hela leo hawapo. Kitu kingine, hakikisha ni matumizi ya kawaida ya kila siku, maana ukichanganya na ujenzi na madeni, shule iliyojenga uwanja mpya mwaka huo itaonekana inamwaga hela kwa watoto.

Usilinganishe na jimbo lingine pia. Mwaka wa fedha 2022 wastani wa nchi ulikuwa zaidi kidogo ya dola 15,600 kwa mwanafunzi, New York karibu 29,900, Utah karibu 9,600. Mishahara tofauti, kodi tofauti, ukubwa wa madarasa tofauti. Nimesikia mtu akilinganisha shule ya Texas na ya New Jersey kwa dola, nikanyamaza tu.

Sijasema hela haina kazi, usinielewe vibaya. Kuna utafiti mkubwa wa Jackson, Johnson na Persico uliotoka 2016, walifuata watoto waliosoma majimbo ambayo mahakama zililazimisha kugawa hela upya, wakakuta hela ikiongezeka asilimia 10 kwa miaka yote 12 ya shule, ukubwani watu hao walikuwa na mishahara juu kwa kama asilimia 7, na watoto wa familia maskini ndo walifaidika zaidi. Hela inafanya kazi ikigeuka kuwa mwalimu aliyekaa na muda wa kutosha na mtoto. Kwa hiyo badala ya kuhangaika na dola fuata ilikogeukia. Kaunsela mmoja kwa wanafunzi wangapi? Chama chao kinapendekeza 250, ukikuta mmoja ana 480 ujue kijana wako ataonana naye mara moja kwa mwaka akichagua vipindi. Walimu walio mwaka wa kwanza au wa pili ni asilimia ngapi? Wanaofundisha somo wasilosomea? Hizi zote zipo kwenye ripoti kadi au CRDC. Ila ile namba ya wanafunzi kwa mwalimu usiifanye ukubwa wa darasa, inahesabu hadi mwalimu wa elimu maalumu mwenye watoto sita, unaweza kuona 15 kwa mmoja alafu darasa la aljebra lina 33.

Twende kwenye matokeo, na hiyo 88 dhidi ya 93. Namba ya kumaliza hai skuli huku inapigwa kwa njia moja nchi nzima tangu mwaka wa masomo 2010-11. Wanachukua walioingia gredi ya 9 kwa mara ya kwanza, wanaongeza waliohamia, wanatoa waliohama kwa ushahidi, walioondoka nchini na waliofariki, alafu wanauliza wangapi wamepata diploma ya kawaida ndani ya miaka minne. GED, ule mtihani wa kufidia diploma, haihesabiwi. Mwaka huo wa kwanza nchi ilikuwa na asilimia 79, 2021-22 ikawa 87. Kwa hiyo hiyo 88 ni ya kawaida kabisa, na chini ya 67 ndo sheria inasema shule lazima iwekwe kwenye orodha ya kusaidiwa.

Ila angalia mlango wa pale kwenye "waliohama". Mtoto akiandikwa kahamia jimbo lingine au anasomea nyumbani anatoka kwenye hesabu, akiandikwa kaacha anabaki na anaishusha shule. Ndo maana nilikwambia fuata mshazari kwanza, namba mbili hizi zinachungana. Na diploma yenyewe inaweza kulegezwa. Hai skuli ya Ballou kule Washington DC mwaka 2017 ilisifiwa sana kwamba darasa zima la 12 limekubaliwa koleji, waandishi wa redio wakafuatilia wakakuta wengi walikuwa hawaonekani shuleni, na ukaguzi wa jiji uliotoka Januari 2018 ukaonyesha katika jiji zima wahitimu 937 kati ya 2,758, asilimia 34, walipewa diploma kinyume na taratibu, ama kwa utoro uliopitiliza ama kwa zile kozi za kurudishia krediti. Hizo kozi za kurudishia sio mbaya zenyewe, ila mtoto akimaliza aljebra ya mwaka mzima kwenye kompyuta kwa wiki mbili we mwenyewe utajua.

Kwa hiyo weka namba ya kumaliza pembeni ya namba nyingine mbili. Moja ni utoro sugu, mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku, kwa mwaka wa siku 180 ni siku 18. Kabla ya COVID nchi ilikuwa kwenye 15 hivi, 2022 ikapanda karibu watoto 3 kati ya 10. Shule yenye asilimia 88 za kumaliza na 45 za utoro sugu, mi nauliza hizo diploma zinatoka wapi. Nyingine ni mtihani wa jimbo wa hesabu na kusoma, kwa hai skuli sheria inataka angalau mara moja, na angalia pia waliofanya ni asilimia ngapi maana sheria inataka 95. Wastani wa SAT, ule mtihani wa kuombea koleji, nao una mtego huohuo, Michigan na Colorado kila mtoto wa gredi ya 11 anafanyishwa shuleni kwake, kwingine wanafanya wanaoenda vyuo vikubwa tu, wastani wao lazima uwe juu. Ukitaka kuitumia uliza wangapi wamefika 480 kusoma na 530 hesabu, ndo viwango vya kuwa tayari kwa koleji, kati ya wote walioko gredi hiyo.

Sasa namba ninayoipenda kuliko zote kwa mtu mwenye mtoto anayeanza gredi ya 9. Chicago, watafiti wa chuo kikuu pale walitoa 2005 kipimo cha kuwa kwenye njia, mtoto akimaliza gredi ya 9 awe na krediti tano za mwaka mzima na asiwe na F, yaani kufeli, zaidi ya moja ya semista kwenye masomo makuu. Basi, hicho tu. Waliokuwa kwenye njia walikuwa na nafasi ya kumaliza hai skuli zaidi ya mara tatu na nusu ya wasiokuwepo, na hii ilitabiri vizuri kuliko maksi walizokuja nazo kutoka chini. Uzuri wake shule inaweza kuifanyia kazi mwaka huohuo, mtoto ana F Oktoba unamkamata Oktoba, unampigia mama yake. Illinois, Oregon na Washington wanaitoa kwenye data zao, kama jimbo lenu halitoi mpigie mkuu wa gredi ya 9 muulize ni asilimia ngapi waliomaliza gredi ya 9 mwaka jana bila kufeli somo kuu, na mtoto akipata F ya kwanza mnafanya nini. Nasikiliza hilo jibu la pili kuliko la kwanza. Wakikwambia walimu wa gredi ya 9 wanakaa pamoja kila wiki na orodha ya majina, hapo pana shule. Wakikwambia mzazi anaweza kuangalia mtandaoni, haya.

Baada ya diploma kuna kuingia koleji, majimbo mengi yanachukua data kwa National Student Clearinghouse, shirika linalofuatilia wanafunzi vyuoni, na kuonyesha waliorudi mwaka wa pili, hiyo ya mwaka wa pili ndo yenye maana. Na FAFSA, ile fomu ya msaada wa ada, wizara inatoa kwa kila hai skuli wangapi wamejaza, shule maskini yenye namba kubwa ya FAFSA ujue kuna mtu pale anafuatilia watoto mmojammoja.

AP nitasema kidogo tu, uliza wangapi wanakaa kwenye hizo kozi na wangapi wanapata 3 kwenda juu kwenye mtihani wake wa alama 1 mpaka 5, vyote viwili, na uliza ni watoto gani. Shule ya 8 inaweza kuwa na AP 22 na kwenye hizo kozi hamna hata mtoto mmoja aliyepitia programu ya Kiingereza.

Na hapo tumefika kwa kijana wako. Wastani wa shule sio wake. Kwenye ripoti kadi kuna mistari ya makundi, tafuta wanaojifunza Kiingereza. Kitaifa wanaomaliza miaka minne katika kundi hilo ni kama 7 kati ya 10. Inawezekana kabisa shule ya 8 yenye 93 ina 60 kwenye mstari huo, na ya 4 yenye 88 ina 80, kwa sababu ya 4 imezoea watoto hao na ina walimu wao. Ukikuta kinyota badala ya namba maana yake watoto ni wachache mno kutangazwa, na hilo nalo ni jibu, atakuwa mmoja wa wachache, uliza nani anawafundisha na kama wanatolewa darasa la sayansi kwenda kujifunza Kiingereza. Angalia pia wangapi wanavuka mtihani wa Kiingereza na kutoka kwenye programu kila mwaka. New York na majimbo mengine wanatoa pia namba ya miaka mitano na sita, kama jimbo lenu linayo isome, shule inayomvumilia mtoto aliyekuja mkubwa mpaka akamaliza mwaka wa tano inashushwa kwenye namba ya miaka minne kwa kosa la kufanya vizuri.

Kuna kitu kimoja kuhusu hofu yako ya "akikosa ya 8 nimemharibia". Watafiti waliangalia zile hai skuli za mtihani za Boston na New York ambazo watu wanapigania, wakalinganisha watoto waliopita kwa nukta chache na waliokosa kwa nukta chache, kwenye mitihani ya baadaye tofauti ilikuwa ndogo sana. Watoto waliozunguka walikuwa na maksi kubwa, mtoto mwenyewe alibaki yuleyule. Hizo ni shule za kuchagua, zako ni za mtaa, ila inakupa picha 4 na 8 zinapima nini.

Ningekuwa mimi, kwa ulichonipa, ningechukua namba tano za kila shule za miaka mitatu: mshazari wa gredi ya 9 mpaka 12, utoro sugu, walio kwenye njia gredi ya 9, mstari wa wanaojifunza Kiingereza, na dola za jimbo na mtaa bila za serikali kuu. Kama ya 4 ina mstari wa Kiingereza ulio sawa au juu na utoro wake unashuka, ningekaa ya 4 na kodi inayobaki ikamlipie mwalimu wa hesabu jumamosi. Kama utoro wake uko 40 na hakuna anayejua watoto wamekwenda wapi, lipa hiyo kodi ya juu. Mwelekeo wa miaka mitatu una nguvu kuliko namba ya mwaka mmoja, na mwaka wa 2020-21 urushe kabisa, mitihani mingi ilivurugika.

Mwisho kabla hujasaini mkataba wa nyumba yoyote, ingiza anwani kamili yenye namba ya nyumba kwenye ramani ya mipaka ya distrikti yenyewe, alafu piga ofisi ya usajili wakuthibitishie kwa barua pepe. Apu za nyumba zinakosea mipaka, mstari unaweza kupita katikati ya barabara, na dalali akisema "hapa ni shule ya 8" hiyo haimfungi mtu. Uliza na kama wana mpango wa kubadilisha mipaka au kufunga shule mwaka ujao, kwa distrikti inayopoteza wanafunzi hilo linajadiliwa kwenye vikao vya bodi ambavyo viko wazi kwa kila mtu na video zake wanaziweka mtandaoni.